Kichwa Chini, Miguu Juu

Msikilizaji, popote unaponipata: Rulenge, Murusagamba, Kabanga, Nyakahura, Biharamulo mjini, au ndani ya lori lililoegeshwa Benaco likisubiri kukuche, vuta kigoda ukae. Na kama mgongo hauruhusu kukaa, simama, wala hakuna wa kukushangaa, maana leo nazungumzia mgongo huohuo.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Miezi michache iliyopita nilining'inizwa kichwa chini miguu juu, mchana kweupe, pale Nyakanazi, nyuma ya banda la fundi wa kuchomelea, huku watoto waliotoka shule wamejipanga ukutani wananitazama. Sikuwa nimeiba kitu. Nililipia.

Ilikuwa hivi. Nina rafiki yangu dereva wa masafa, anatoa mzigo Dar es Salaam kupeleka Kigali. Kiuno kinamsumbua mwaka wa kumi huu. Hukamata usukani alfajiri, Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, na akifika Nyakanazi usidhani anashuka kwenye lori kama mimi na wewe. Anageuka kwanza, anashika mlango kwa mikono miwili, anatanguliza mguu wa kushoto, ananyamaza kidogo kama anayesali, ndipo anaitafuta ardhi. Siku moja akaona kwenye simu video ya mzungu aliyefungwa vifundo vya miguu kwenye kitanda cha chuma. Kitanda kinapinduka, mzungu anabaki ananing'inia kama popo, anatabasamu. Maelezo yanasema maumivu ya mgongo kwaheri. Bei ya kitanda ikamshinda rafiki yangu, akampelekea picha fundi wake. Na fundi wa Nyakanazi hata ukimwonyesha picha ya ndege, atakuuliza tu bomba unataka za inchi ngapi.

Baada ya wiki mbili mtambo ukawa tayari. Mabomba ya maji, bearingi za gurudumu la pikipiki, godoro lililong'olewa kwenye kiti cha basi, na mikanda miwili ya kufungia miguu, ile ya kubania mizigo juu ya gari. Rafiki yangu alipanda wa kwanza, akashuka anacheka. Akanigeukia: "Kaka, na wewe si unalia kiuno kila siku? Panda."

Nikapanda. Fundi akasukuma kwa kidole tu, dunia ikageuka. Vilivyonitangulia chini ni miwani, kalamu na sarafu. Kisha damu ikaja usoni, masikio yakavuma kama nimesimama chini ya maporomoko ya Rusumo. Nikataka kupiga kelele nishushwe. Lakini mara nikasikia kitu kiunoni: kut, kut, kama mtu anayefungua mlango mbovu usiku hataki kuamsha wenye nyumba. Na baada ya hapo, msikilizaji, raha. Sina neno lingine. Waliponigeuza nikasimama, lile jiwe ninalotembea nalo kiunoni tangu masika halikuwepo. Nilimlipa fundi bila kudai punguzo.

Nikapanda gari la kwenda Benaco. Lusahunga bado nilikuwa kijana. Tulipofika Nyakahura jiwe lilikuwa limesharudi mahali pake, limekaa kama mwenye nyumba.

Nikajiuliza: yale maajabu ya dakika tano yalikuwa nini, na kwa nini hayakufika hata nusu ya safari?

Uti wa mgongo ni pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine, na kati ya pingili na pingili kuna kisahani cha gegedu, ndiyo hiyo diski mnayoisikia hospitalini. Visahani hivyo ni 23. Ndani vina ute mzito, nje vimezungushiwa nyuzi ngumu. Kwa mtu mzima havina mishipa ya damu ya kuvilisha, vinakula kwa kufyonza kama sponji: ukivikandamiza vinatoa maji, ukiviachia vinavuta. Ndiyo maana kila mmoja wetu asubuhi ni mrefu kuliko jioni, kwa sentimita moja hadi mbili hivi. Usiku umelala, sponji zimenywa. Mchana umebeba, zimekamuliwa.

Sasa fikiria zinavyokamuliwa huku kwetu. Nyumba zetu nyingi Ngara ziko mgongoni mwa kilima, na maji yako bondeni. Mama anateremka na dumu tupu, anapanda na dumu la lita 20, yaani kilo 20 kichwani, mtoto mgongoni, na mara nyingine jembe begani kwa kuwa amepitia shambani. Na jembe lenyewe nalo, mpini wake mfupi. Anainama kuanzia jua linapochomoza mpaka linapokuwa kali, magoti hayakunjwi, kiuno ndicho bawaba. Njoo kwa vijana wanaosukuma baiskeli zilizolemewa mikungu ya ndizi. Njoo Biharamulo kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu, waliokunjamana ndani ya duara, yaani shimo la machimbo, wanaotoa mawe kwenye viroba. Njoo kwa madereva wa bodaboda. Halafu rafiki yangu wa lori, ambaye habebi chochote, amekaa tu. Lakini kukaa kule si kupumzika, maana kiti kinatikisika saa kumi na mbili na kila shimo la barabarani linapanda moja kwa moja hadi kwenye pingili. Miaka ya 1960 daktari wa Uswidi, Alf Nachemson, aliwachoma watu sindano yenye kipimo ndani ya kisahani akasoma mgandamizo. Aliukuta mdogo kabisa mtu akiwa amelala chali, na aliyeketi alimzidi hata aliyesimama. Waliokuja kupima baadaye walibishana naye kuhusu hilo la kuketi. La kulala hawakubishana.

Basi ukining'inia kichwa chini, uzito wako wenyewe unazivuta pingili, sponji inaachiwa, misuli iliyokakamaa inalegea, mshipa wa fahamu uliokuwa umebanwa unapata nafasi. Unafuu ule si uongo. Fundi hakunitapeli. Ila ukisimama tu, mzigo unarudi palepale ulipokuwa, na sponji inaanza kukamuliwa upya. Kuna watu wanaoishi bila mzigo huo kabisa kwa miezi, nao ni wanaanga. Kule juu hakuna uzito, uti wa mgongo unarefuka hata sentimita kadhaa. Ungedhani ndiyo pepo ya mgongo. Kumbe wengi wao siku za mwanzo wanalalamika mgongo unauma, na wakirudi duniani misuli ya kiuno imesinyaa, na hatari ya kisahani kuteleza imeongezeka. Kuupunguzia mgongo mzigo, peke yake, hakumjengi mtu.

Na usidhani jambo hili limezaliwa kwenye simu. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, Ugiriki, kulikuwa na matabibu waliomfunga mgonjwa kwenye ngazi, wakampandisha juu ya mnara au paa, wakaiachia ngazi ishuke kwa kishindo, mgonjwa akiwa kichwa juu au kichwa chini kulingana na kibyongo kilipo. Habari hizo zimo katika maandishi yenye jina la Hippocrates, yule anayeitwa baba wa tiba. Kinachonifurahisha ni kwamba mwandishi anaeleza namna ya kuifunga ngazi, hatua kwa hatua, lakini yeye mwenyewe inamtia haya. Anasema wanaoipenda zaidi ni matabibu wanaotaka umati ukusanyike na kushangaa, na umati huo hauulizi baadaye kama mgonjwa alipona. Nilipolisoma hilo niliwakumbuka wale watoto ukutani. Nikakumbuka pia Samunge, Loliondo, mwaka 2011, foleni ya magari ya kilomita na kilomita kufuata kikombe cha dawa. Sisi watu tunapenda tiba inayoonekana. Kumwona mtu anapinduliwa kunaonekana. Kumwona mtu anayeinua nyonga mara kumi kila asubuhi chumbani kwake, hakuna atakayesimamisha baiskeli kutazama.

Mtindo wa kupinduliwa ulirudi tena Marekani kwa viatu vya kulabu, mtu anajining'iniza kwenye bomba. Mwaka 1980 mwigizaji Richard Gere alionekana navyo kwenye filamu, vikapata soko. Miaka michache baadaye madaktari wakaanza kuwapima waliokuwa wananing'inia: shinikizo la damu lilipanda, na shinikizo la ndani ya jicho lilipanda karibu mara mbili.

Je, wamepima kama inaponya? Wamepima. Na hapa lazima niwe mkweli, kuna waliopata matokeo mazuri. Newcastle, Uingereza, walichukua wagonjwa 24 waliokuwa wakisubiri upasuaji wa kisahani kilichotoka na kukandamiza mshipa, maumivu yanashuka mguuni kama shoti ya umeme. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Katika kundi lililopinduliwa pamoja na mazoezi, asilimia 77 hawakuhitaji tena kisu. Katika kundi lisilopinduliwa, asilimia 22. Namba zinapendeza, lakini watu 24 ni abiria wa Hiace moja iliyojazwa. Na walikuwa wa ugonjwa wa aina moja, uliothibitishwa kwa picha. Mwaka uliofuata ukatoka uchambuzi uliokusanya majaribio 32 ya tiba za kuvuta mgongo za kila namna, watu zaidi ya 2,700, ukaona kuvuta hakuna tofauti kubwa na kutovuta. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya kiuno. Kuvuta mgongo kumo katika orodha ya yasiyopendekezwa. Mkanda wa kiuno nao umo humo. Najua kuna wanaouza mikanda hiyo mnadani na wananisikiliza. Mtanisamehe.

Subiri kidogo, msikilizaji, kuna jambo kubwa kuliko hela ya fundi.

Mimi nilipanda ule mtambo bila kupimwa presha. Fundi hakuniuliza, na mimi sikujiuliza. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne Tanzania ana presha ya kupanda, na wengi hawajijui. Mtu wa namna hiyo ukimpindua damu ikashuka yote kichwani, unacheza na kiharusi. Mwenye presha ya macho, mwenye ugonjwa wa moyo, mjamzito, mwenye ngiri, bibi ambaye mifupa imelika: hawa wasiguse kabisa.

Na yupo mwingine ambaye huwa hatumfikirii. Tunajua kifua kikuu kama ugonjwa wa kukohoa. Lakini kinaweza kwenda kukaa kwenye pingili za mgongo, kikazila polepole, mgonjwa hakohoi hata mara moja. Anasema tu mgongo. Anameza diklofenaki za dukani miezi na miezi, anakandwa kwa mafuta, anavaa mkanda. Jioni ana homa, usiku anatoka jasho, nguo zinampwaya. Siku moja pingili inabonyea, kibyongo kinachomoza, miguu inakufa ganzi. Daktari Mwingereza Percivall Pott aliueleza ugonjwa huu mwaka 1779, nao unaitwa kwa jina lake. Waandishi wa maandishi ya Hippocrates walishaona kwamba baadhi ya wenye vibyongo wana uvimbe kwenye mapafu. Maana yake, huenda baadhi ya waliofungwa kwenye ngazi ile walikuwa na kifua kikuu, wakabamizwa hali pingili zao zimeoza. Mimi sasa nikimwona mtu anauliza bei ya kupinduliwa, huwa namtazama kama amekonda. Dawa za kifua kikuu ni bure katika vituo vya serikali. Unazimeza kwa miezi mingi, lakini unapona. Ukipindua mgongo ulioliwa, unaweza kuuvunja siku hiyohiyo.

Tena sisi ni watu wa ng'ombe na mbuzi. Kuna homa ya brusela, inayoingia kwa maziwa mabichi au kwa kumzalisha mnyama kwa mikono mitupu, nayo hupenda kukaa kiunoni. Hiyo nayo hospitali, wala si bomba la chuma.

Kwa hiyo kama mgongo unauma na una homa, au unakonda, au miguu inalegea, au mkojo umegoma kutoka, au unatoka wenyewe, au sehemu za siri zimekufa ganzi, usisubiri kipindi cha wiki ijayo. Nenda hospitali ya karibu: Nyamiaga, Murgwanza, Rulenge, Biharamulo. Hilo la mkojo na ganzi ni la leoleo, si la kesho.

Mimi nilikwenda. Nilipokewa na binti mmoja wa fiziotherapia, umri wa mwanangu wa pili. Akaniamkia, akapima presha, akanigonga magoti kwa kinyundo, akaniambia niinue mguu mmoja mmoja. Nikamsimulia habari za Nyakanazi nikitegemea anikaripie. Akacheka.

"Ulijisikiaje, mzee?"

"Vizuri sana."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka Nyakahura."

"Basi nitakupa kitu kitakachokufikisha Ngara."

Akanilaza chali kwenye mkeka. Kunja magoti, nyayo chini. Inua nyonga polepole, shikilia, hesabu mpaka tano, shusha. Mara kumi. Mara ya nne mapaja yangu yalianza kutetemeka kama ya ndama aliyezaliwa leo. Akasema hapo ndipo palipolala, misuli ya makalio na ya kiuno imesahau kazi yake, imeziachia pingili. Kisha nivute goti moja kifuani, kisha jingine. Kisha nitembee. Nilidhani ananifukuza, kumbe kutembea ndiyo dawa yenyewe.

Wiki za mwanzo sikuona kitu. Niliuma meno, na mara mbili nilifikiria kurudi kwa fundi. Wiki ya sita niliinama kufunga kamba za viatu, nikafunga, nikainuka, nimefika mlangoni ndipo nikagundua kwamba sikuugulia. Sijapona kabisa. Siku za baridi jiwe huja kunisalimia. Lakini halilali kwangu tena.

Na hilo la kutembea limepimwa. Australia waliwachukua watu 701 waliokuwa wametoka kuumwa kiuno, nusu wakapangiwa kutembea, wakiongeza kidogokidogo hadi nusu saa, siku tano kwa wiki. Mwaka 2024 wakatoa matokeo. Waliotembea walikaa takriban siku 208 kabla maumivu hayajarudi, wasiotembea 112. Ila namsikia mama wa Murusagamba ananicheka: mwanangu, mimi natembea kila siku kuanzia kisimani hadi shambani, mbona kinauma? Ni kweli, mama. Huo utafiti haukufanywa kwako. Wewe hukosi kutembea, unakosa kuwekewa mzigo chini. Kwako wewe nasema na baba watoto: huo mpini wa jembe urefushe, mti wa bure umejaa. Palizi ya maharage ipigwe kwa kupiga goti. Kila tuta likiisha, simama, shika kiuno, jinyooshe nyuma, ndipo uanze jingine. Dumu la lita 20 lifanywe madumu mawili ya lita kumi, na moja alibebe huyo baba, ambaye saa hizi kiuno chake hakina tatizo lolote na yuko kijiweni anacheza bao. Kama nimekugusa, shemeji, ni makusudi.

Madereva nao, ndugu zangu. Pochi itoe mfuko wa nyuma; ukiikalia siku nzima nyonga moja iko juu, nyingine chini. Viringisha taulo, liweke nyuma ya kiuno. Ukishuka usikimbilie kunyanyua turubai au tairi hapohapo. Sponji zimetoka kukamuliwa safari nzima, zipe dakika chache za kutembea kwanza.

Wiki iliyopita nilipita tena Nyakanazi. Nikazunguka nyuma ya banda la fundi kuutazama mtambo. Haupo. Nikaulizia, nikaonyeshwa kwa kidole ng'ambo ya barabara: muuza nyama choma ameununua, mikanda ile ya miguu ipo palepale, na mbuzi aliyechunwa ananing'inia kichwa chini, anageuzwa upande huu na ule kwa kidole.

Rafiki yangu nilimkuta kwenye maegesho. Ameshika lile rungu la kugongea matairi, analizunguka lori lake, kaunda suti imeloa mgongoni. Nikamhesabia raundi tisa. Utingo wake mpya, kijana wa watu, alikuwa amesimama pembeni na jeki mkononi, akaninong'oneza: "Mzee, hili gari lina pancha ngapi?"